Nyimbo Nne Zilitutosha

Tulikuwa na nyimbo kumi na moja tulizoweza kuzipiga bila kukwama, na pesa za kurekodi nne. Rekodi yetu ilianzia hapo. Niseme mapema, kabla sijaingia kwenye mengine: hata kama pesa zingefikia nyimbo zote, leo ningechagua nne vilevile. Bendi changa isiyo na kampuni nyuma yake inahitaji rekodi ndogo ambayo kila wimbo ndani yake umepata haki yake. Umefanyiwa mazoezi ukaiva, umerekodiwa vizuri, umelipiwa, umeandikishwa, na umefikishwa kwa watu na wenyewe walioutunga. Nyimbo nne zinaweza kupata yote hayo. Kumi na moja zinagawana umaskini.

Sisi ni bendi ya roki ya Nairobi. Tulikuwa wanne wakati huo: mwimbaji ambaye pia hupiga gitaa, mpiga gitaa wa pili, mpiga drams, na mimi kwenye besi. Najua msomaji wa Mwanza au Kigoma anaweza kuuliza kama kweli Nairobi kuna roki. Ipo, na ina historia. Kulikuwa na kituo cha redio, X FM kwenye 105.5, ambacho wengi wetu tulijifunzia masikio yetu hapo. Zilitutangulia bendi kama Parking Lot Grass, Murfy's fLaw, Rash na Last Year's Tragedy. Mwaka 2020 vijana wawili wanaojiita Duma, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu yao kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, muziki mkali kupita wetu, na ikasikilizwa mbali sana na hapa. Kwa hiyo njia ilikuwepo. Kampuni ya kutushika mkono haikuwepo, na hatukuwa na sababu ya kuisubiri.

Nilipoanza kuuliza watu wa roki kwingineko walifanyaje, niligundua kwamba rekodi fupi ya kujitolea wenyewe ina heshima yake. Tarehe 28 Desemba 1976 Buzzcocks wa Manchester waliingia studio na nyimbo nne. Walikuwa wamekopa kama pauni 500 kwa jamaa na marafiki, wakachapisha nakala 1,000, na Januari 1977 wakaitoa Spiral Scratch kwa jina la lebo waliyoianzisha wenyewe. Nakala hizo ziliisha, zikachapishwa nyingine, na mwishowe zilizouzwa zilifika kama 16,000. Huko Zambia, bendi ya WITCH ilikuwa imetoa albamu yake, Introduction, kwa mikono yake mwaka 1972. Iliyonigusa zaidi ni Sunburst ya Dar es Salaam, bendi iliyopiga gitaa la kuunguruma huku ikiimba Kiswahili. Ili kurekodi albamu yao, Ave Africa, mwaka 1976 walikwenda hadi Lusaka. Miaka 40 baadaye, 2016, kampuni ya Strut ya Uingereza ikaikusanya kazi yao na kuitoa upya. Nikiisikiliza najiambia kwamba hatukuanza sisi. Roki ya Kiswahili ilikuwepo kabla wazazi wangu hawajakutana.

Somo la kwanza kuhusu ufupi, hata hivyo, nililipata kwenye benga, muziki wa magitaa wa hapa Kenya. Ukienda Kenyatta Market hapa Nairobi utakuta santuri za zamani zinauzwa, na nyingi ni zile ndogo za inchi saba zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Upande mmoja haubebi dakika nyingi. Wanamuziki wa miaka ya 1970 walikuwa na nyimbo ndefu, basi wimbo ulikatwa katikati: nusu upande wa kwanza, nusu upande wa pili. Kwa muda mrefu nilidhani ule mkato ulikuwa hasara tu. Kisha nikaanza kusikiliza kwa makini na kuona jinsi walivyoupanga. Upande wa kwanza ndiko kwenye maneno, kisa kinasimuliwa hadi mwisho wake. Ukigeuza santuri, magitaa yanaachiwa, mwendo unapanda, mwimbaji anabaki kutaja majina ya watu na kusukuma wacheza dansi. Walijua nafasi yao ina ukubwa gani, wakatunga kwa kuijaza. Hilo ndilo tulilolichukua.

Kuchagua nyimbo nne kutoka kumi na moja kulituchukulia muda kuliko kurekodi. Tulipiga zote kwenye shoo ndogo Westlands, simu ikiwa inarekodi kutoka nyuma ya ukumbi, si mbele, ili tusikie kile anachokisikia mtu aliyesimama karibu na mlango. Kwenye rekodi hiyo muziki wenyewe haukuwa wazi, lakini watu walisikika wazi kabisa. Kuna nyimbo ambazo mazungumzo yaliendelea juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Kuna nyimbo mbili ambazo katikati ya ubeti wa pili watu walinyamaza. Hizo mbili zikaingia bila mjadala. Ya tatu iliingia kwa sababu ilikuwa ya haraka, dakika mbili na nusu, na rekodi ilihitaji mlango wa kuingilia. Ya nne tulibishania kwa wiki kadhaa.

Kulikuwa na wimbo wa polepole, dakika saba, ambao sote tuliupenda. Mwimbaji wetu aliuandika baada ya kumzika babu yake, na kila tulipoupiga mazoezini mmoja wetu alilazimika kutazama pembeni. Ulikuwa wimbo mzuri kuliko yote tuliyokuwa nayo. Tuliuacha. Rekodi nzima ilikuwa inakuja kama dakika kumi na saba, na wimbo wa dakika saba ungekula nafasi ya zile nyingine, msikilizaji angetoka na jambo moja tu kichwani. Mwimbaji mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Alisema, “Huu haujamaliza kukua. Nikiurekodi sasa utabaki hivi milele.” Tukamwelewa. Bendi inayoweza kuuweka kando wimbo inaoupenda, bila mtu kununa, nadhani imeshavuka mto mmoja mkubwa.

Sasa nizungumzie lugha, maana hapa ndipo nilipojifunza mengi na sijaona watu wengi wakipaandika. Nyimbo zetu za mwanzo zilikuwa za Kiingereza, kama bendi nyingi za roki hapa mjini. Tulipoamua rekodi iwe ya Kiswahili, tulikuta magitaa na maneno hayakubaliani. Sababu yake ni mkazo. Kiswahili huweka uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Roki tuliyokua nayo imetungwa kwa Kiingereza, lugha yenye maneno mengi ya silabi moja, kwa hiyo mstari unaishia kwa neno fupi linalogonga papo hapo na snea, ile ngoma kali ya katikati ya seti ya drams, kisha kimya. Kwa Kiswahili hilo halipatikani. Tulikuwa na kiitikio kinachosema “nani atalipa deni”. Uzito uko kwenye “de”, halafu “ni” inakuja baada ya pigo, haina pa kukaa. Ukilazimisha “ni” ianguke kwenye pigo, unasikika kama mgeni aliyeteremka uwanja wa ndege jana.

Tulihangaika na mstari huo hadi mpiga gitaa wa pili akasema tuache kuyasogeza maneno, tusogeze gitaa. Rifu, yaani kile kifungu kifupi cha gitaa kinachojirudia, ikarudishwa nyuma nusu pigo. “De” ikagonga na snea, na gitaa likaingia pamoja na “ni”, kana kwamba linamjibu mwimbaji. Wimbo mzima ukapata mwendo mwingine, wa kuyumba kidogo, ambao hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameutafuta. Baadaye nikarudi kusikiliza taarabu na muziki wa dansi wa Dar nikaona kwamba wale waimbaji wamelijua jambo hili siku zote: silabi ya mwisho wanaitua taratibu, wanaipa ala nafasi ya kuipokea. Sisi tulikuwa tunaingia na magitaa yenye kelele kwenye nyumba ambayo tayari ilikuwa na utaratibu wake.

Jambo la pili ni irabu. Karibu kila neno letu linaishia kwa irabu, na hiyo ni zawadi kwa mtu anayepaza sauti juu ya magitaa mawili na drams. Lakini irabu hazilingani nguvu. “A” inafunguka, unaweza kuivuta pigo nne na ikasikika hadi nyuma ya ukumbi. “I” na “u” zinakuwa nyembamba na zinamezwa na matoazi. Tukaanza kuandika viitikio tukiangalia mwisho wa mistari, na tulipokuwa na hiari ya maneno mawili yenye maana moja, lile linaloishia kwa “a” ndilo lililopita. Kama ningekuwa nafundisha vijana utunzi wa roki kwa Kiswahili, ningeanza na mambo haya mawili kabla ya kugusa gitaa.

Kurekodi nako kuna changamoto ambayo ni ya mji wetu. Studio nyingi za Nairobi zimejengwa kwa ajili ya mwimbaji mmoja na midundo ya kompyuta: chumba kidogo chenye sponji ukutani, maikrofoni moja nzuri, kompyuta, viti viwili. Kwa muziki unaotengenezwa hapa, hiyo inatosha kabisa. Seti ya drams lakini haiingii, na hata ikiingia, inasikika kama imefungiwa kabatini. Drams zinataka chumba. Sauti unayoipenda kwenye rekodi za roki ni ya ngozi na matoazi pamoja na hewa iliyo ukumbini.

Tulikodi ukumbi wa kanisa siku za katikati ya wiki. Mama yake mpiga drams ndiye aliyetuombea, na nitarudi kwake, maana bila yeye sehemu nyingine ya hadithi hii ingekuwa na mwisho tofauti. Tulichagua Januari kwa makusudi. Ukumbi una paa la mabati, na mvua ikipiga mabati hakuna maikrofoni itakayokusikiliza. Vuli inakuwa imekwisha, masika bado. Tulitandika zulia chini ya drams ili sauti isiruke kutoka kwenye sakafu ya saruji, tukaning'iniza mablanketi kwenye ukuta mmoja, ule ulio nyuma ya mpigaji, na kuacha mwingine wazi.

Fundi wetu wa sauti alitumia maikrofoni nne tu. Mbinu hiyo huhusishwa na Glyn Johns, fundi wa Uingereza aliyefanya kazi na Led Zeppelin na The Who. Moja inakaa juu ya snea, ikitazama chini. Ya pili inakaa upande wa ngoma ya sakafuni, ikitazama snea kwa kuvuka. Ya tatu mbele ya kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, ya nne karibu na snea yenyewe. Siri iko kwenye zile mbili za kwanza: lazima zote ziwe umbali mmoja kutoka katikati ya snea, ili sauti izifikie kwa wakati mmoja. Zikipishana, mawimbi yanakinzana na snea inakonda. Fundi alipima kwa uzi. Alishika ncha moja katikati ya ngozi ya snea, akaivuta hadi maikrofoni ya kwanza, akafunga fundo, kisha akauzungusha uzi uleule hadi kwa ya pili. Nilikuwa nimesoma habari za vifaa vya mamilioni, na hapa mambo yalikuwa yanaamuliwa na uzi wa kushonea.

Umeme ulikatika mchana wa kwanza. Kazi haikusimama, kwa kuwa fundi alikuwa amekuja na kompyuta yenye betri na kisanduku cha kuingizia sauti kinachokula umeme kutoka kwenye kompyuta hiyohiyo. Mpiga drams alikuwa na metronomu sikioni na gitaa la mwongozo tulilolirekodi mapema nyumbani. Hakuna kilichohitaji waya wa ukutani. Tangu hapo kila bendi inayoniuliza kuhusu kurekodi nje ya studio naiambia ipange kila kitu kana kwamba umeme haupo, kisha ukiwepo ishukuru.

Besi na magitaa tulirekodi nyumbani, ampu ikiwa ndani ya kabati la nguo ili majirani wapate kulala. Sauti ya mwimbaji tuliipeleka studio, ile ya chumba kidogo, kwa sababu kwa kazi hiyo hakuna mahali pazuri zaidi. Pesa iliyobaki tuliitumia kumlipa mtu wa kumiksi na mwingine tofauti wa kuipa rekodi sauti yake ya mwisho, asiyewahi kuzisikia nyimbo zetu. Huyu wa mwisho alitupa ushauri mmoja wa thamani. Tulitaka rekodi iwe na sauti kubwa kuliko za wengine. Akatueleza kwamba Spotify, kwa kawaida yake, huishusha rekodi kubwa hadi ifike kiwango cha -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo ukiibana sana ili iwe na kelele, mwishowe itashushwa na utakuwa umepoteza pumzi ya drams bure. Tukaiacha ipumue. Ule ukumbi wa kanisa unasikika hadi leo.

Sasa nirudi kwa mama yake mpiga drams.

Pesa za rekodi tulizipata kwa kuchanga. Tulijiwekea chama cha watu wanne, kila mwezi kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na yeye, ambaye amekuwa mweka hazina wa chama cha akina mama kwa miaka mingi, akakubali kutushikia daftari. Jioni moja alituita kwake, akatuandalia chai na mahamri, kisha akauliza, “Hizo nyimbo ni za nani?”

“Ni zetu sote, Mama,” mwimbaji akajibu.

“Ninyi sote ni nani? Akiondoka mmoja, bado ni zake? Akija mwingine, zinakuwa zake? Aliyeandika maneno na aliyepiga ngoma wanapata sawa?”

Tukatazamana. Akaleta kalamu. “Andikeni sasa, mkiwa bado mnapendana na pesa haijaja.”

Tulikaa hadi usiku. Kwanza ilibidi tuelewe kwamba kwenye kila wimbo kuna haki mbili. Iko haki ya utunzi, yaani maneno na muziki. Iko haki ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa. Bendi iliyo chini ya kampuni kwa kawaida huiachia kampuni haki ya pili, kwa sababu kampuni ndiyo iliyolipa. Sisi tulijilipia, kwa hiyo zote mbili zilikuwa zetu, na hiyo ndiyo faida kubwa ya kujitegemea ambayo wengi hawaioni kwa sababu haionekani kwa macho. Hapa Kenya hata vyama vya kukusanya mirabaha wakati huo vilikuwa vimegawanyika kufuata mstari huo: MCSK kwa watunzi, KAMP kwa wazalishaji wa rekodi, PRISK kwa watumbuizaji. Bendi inayojitegemea ni watu hao watatu kwa mpigo mmoja. Hakimiliki inakuwepo mara tu kazi inaponaswa au kuandikwa, lakini tuliziandikisha nyimbo KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, vilevile, ili siku mtu akibisha kuwe na tarehe ya kuonyesha.

Tulikubaliana hivi. Kila wimbo, nusu ya utunzi ni ya maneno na inakwenda kwa aliyeyaandika. Nusu nyingine ni ya muziki na inagawanywa kwa wanne sawasawa, hata kama rifu ilitoka kwa mmoja, kwa kuwa hakuna rifu iliyobaki ilivyokuwa baada ya wengine kuigusa. Rekodi ni ya wanne sawa, baada ya chama kurudishiwa pesa zake. Anayeondoka anaondoka na fungu lake la nyimbo hizi nne, na hana lolote kwenye zitakazofuata. Tukasaini, mama akasaini kama shahidi. Tuliweza kuujadili kila wimbo mmoja mmoja kwa sababu zilikuwa nne. Zingekuwa kumi na moja tungechoka kwenye wa tano na kuandika “tutaona baadaye”.

Upande wa kusambaza nitapita haraka. Unahitaji msambazaji wa mtandaoni wa kukupeleka Boomplay, Spotify na kwingineko. Wako wanaotoza kila mwaka, na ukiacha kulipa nyimbo zinaweza kuondolewa. Wako wanaotoza mara moja na kuchukua asilimia. Kwa bendi ya mapato madogo, soma hilo kabla ya yote. Picha ya jalada iwe mraba, pikseli 3,000 kwa 3,000. Kila wimbo unapewa namba yake ya ISRC, kitambulisho cha kimataifa cha rekodi, yenye herufi na tarakimu 12, na hiyo uiandike mahali utakapoipata baada ya miaka kumi. Majina ya watunzi yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho. Peleka kila kitu mapema, mwezi mmoja ukiweza, kwa sababu Spotify hutaka wimbo unaowapendekezea kwa orodha zao za nyimbo uwafikie angalau siku saba kabla ya kutoka.

Kuna jambo moja hapo linalostahili kituo. Spotify ilifika Kenya na Tanzania Februari 2021, na tangu 2024 ina kanuni kwamba wimbo usiosikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizwi kwenye hesabu ya malipo. Fikiria bendi ndogo yenye wasikilizaji wake wachache waaminifu. Wakitawanyika kwenye nyimbo kumi na moja, huenda mbili tu zikavuka mstari na tisa zikabaki sifuri. Wakikusanyika kwenye nne, zote zinaweza kuvuka. Zetu zote nne zilivuka. Malipo yake si ya kujengea nyumba, lakini kazi yetu ilihesabiwa.

Pesa yenye uzito ilitoka kwingine. Kwenye Bandcamp mtu ananunua rekodi moja kwa moja, jukwaa linachukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na mnunuzi ana ruhusa ya kulipa zaidi ya bei uliyoweka. Walionunua huko wengi walikuwa Wakenya walio ughaibuni, na wengi wao walizidisha. Mmoja aliandika kwamba alikuwa hajawahi kusikia gitaa la aina hiyo likiimbiwa kwa lugha ya nyumbani kwao. Mlio wa simu nao usiudharau: marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 2022 yanampa msanii wa Kenya si chini ya asilimia 52 ya mapato ya nyimbo za Skiza, huduma ya Safaricom ya mlio anaousikia mtu anayekupigia. Tuliweka viitikio viwili huko. Hadi sasa shangazi yangu, ambaye hasikilizi roki, ukimpigia simu unakutana na “nani atalipa deni”.

Kwenye uzinduzi tulikubaliana na wenye ukumbi tugawane kiingilio badala ya sisi kukodi, na tukaalika bendi nyingine mbili zitumie drams zetu, ili usiku usipotee katika kupanga na kupangua vyombo. Tulipiga nyimbo nne kwa mpangilio wa rekodi bila kusema neno katikati. Dakika kumi na saba. Baada ya hapo ndipo tukasalimia watu na kupiga za zamani.

Mezani tulikuwa na fulana, na vijitabu vya maneno ya nyimbo, karatasi za kawaida zilizokunjwa na kubanwa kwa pini, nyuma yake kuna msimbo wa kuskani unaokupeleka kwenye rekodi. Namba ya M-Pesa ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa ukutani. Tulidhani fulana ndizo zitakazokwenda. Vilivyokwisha kwanza ni vijitabu. Watu walitaka kujua wanachokipigia kelele. Mzee mmoja, aliyeniambia alipiga gitaa kwenye bendi za dansi enzi za hoteli na vilabu, alisoma kijitabu chote akiwa amesimama, akageukia ukurasa wa kiitikio, akaupigapiga kwa kidole na kusema, “Hapa mmeitua vizuri.” Alikuwa ameweka kidole kwenye “ni”.

Chama kilirudishiwa pesa zake zote kabla ya mwaka kuisha, kutokana na kiingilio, vijitabu na Bandcamp hasa. Kisha mpiga gitaa wa pili akapata kazi Doha. Alikuja mazoezini na barua ya mkataba mkononi, na nakumbuka kwamba hakuna aliyeuliza swali la pesa. Lilikuwa limeshajibiwa. Tulimfanyia shoo ya kumuaga, na kila miezi mitatu mama anafungua daftari, anapiga hesabu, na fungu lake linakwenda kwenye simu ya dada yake hapa Nairobi kama alivyoomba. Mpiga gitaa aliyechukua nafasi yake analipwa kwa kila shoo anayopiga zile nyimbo nne, na alionyeshwa karatasi kabla ya kuonyeshwa rifu. Jina lake litaingia kwenye karatasi mpya. Ule wimbo wa polepole sasa umefika dakika nne na nusu, mwimbaji anasema umekua, na ukumbi wa kanisa tumeshauombea siku zake Januari.